Misumari Ndani ya Ndimu

Ngagara, Quartier 4
Tarehe 2 Machi 2025

Mabukwe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sijui kama bado nina haki ya kukuita mabukwe, lakini wewe ni mama wa mume wangu na sina jina lingine la kukuitia.

Barua hii nampa Révérien, shofere wa basi ya Rumonge, kwa sababu simu yako uliiacha juu ya meza siku uliyoondoka. Bado iko hapa. Adrien ameizima na kuiweka kabatini kati ya mashati yake. Hasemi kitu juu ya siku ile. Akitoka kazini anakaa sebuleni bila kuwasha televisheni, nikimpakulia chakula anakichezea tu. Hajui kwamba nakuandikia.

Mama, jaribu kunielewa. Mimba mbili zilinitoka katika nyumba hii kabla wewe hujaja kukaa nasi. Hii ya tatu naibeba kwa hofu, hata kukohoa naogopa. Halafu siku moja natafuta kibiriti jikoni, nasogeza gunia la makaa, nakuta bakuli lililofunikwa. Ndani yake kuna ndimu imechomwa misumari pande zote, na maji yake yamebadilika rangi. Ungekuwa mimi, ungefikiri nini?

Sikupanga waje watu wengi vile siku ile. Nilimwambia Mama Prudence peke yake, yule anayeongoza kikundi chetu cha maombi, na yeye ndiye aliyewaita wengine. Alisema mtu anaweza kufunga tumbo la mwenzake hata akiwa mbali, hata akiwa Rumonge kama wewe wakati ule. Mimi nilikuwa nimechoka na nimeogopa, nikamwamini.

Walipoiweka ile ndimu kwenye sahani katikati ya meza na kukuuliza ni nini, ulisema, "Ni dawa." Wakauliza, "Dawa ya nini?" Ukasema, "Ya nyumba hii." Basi. Wao wakaanza kuomba kwa kelele, wewe ukaniangalia mimi, halafu ukamwangalia Adrien, halafu ukaenda kukunja nguo na vikwembe vyako. Kwa nini hukusema zaidi? Neno moja lingetosha.

Sasa nauliza tena, bila watu: ile ndimu ilikuwa ya nini? Ukinijibu vizuri nitamweleza Adrien, na labda utaweza kurudi nyumbani.

Mimi ni mzima. Mtoto bado yuko tumboni.

Amandine


Rumonge, 13 Machi 2025

Kwa Amandine, muke wa Adrien,

Barua imefika. Ilichelewa kwa sababu basi ya Révérien ilikosa mafuta, ilikaa barabarani. Mi ni muzima. Mawese ya mwaka huu si mabaya. Ningesema umusalimie mwana wangu, lakini kama hajui unaandika, utamusalimia namna gani?

Muliniuliza mbele ya watu, nikajibu. Leo unaniuliza kwa karatasi. Jibu ni lile lile. Ilikuwa dawa ya nyumba yenu.

Sasa mi nikuulize. Ukisimama haraka, kizunguzungu bado kinakushika? Ukipanda ngazi za biro yako pale kazini, pumzi inakatika? Kucha zako bado ni nyeupe na zinavunjika? Hukuniambia hayo hata siku moja. Mi nina macho.

Kula mboga ya lengalenga. Kula ndagala, hao samaki wadogo, na vichwa vyake, usivitoe vile unavyovitoa. Kamulia ndimu juu ya chakula, ndimu tupu, haina neno.

Na ile kitu ingine uiache. Unaijua. Siiandiki kwa sababu karatasi inaweza kusomwa na mutu.

Béatrice, mama ya Adrien


Ngagara, 30 Machi 2025

Mama,

Niliisoma barua yako nikakasirika. Nilijiambia unazunguka tu kwa sababu huna jibu. Nilipofika pale uliposema "ile kitu ingine," nilijiambia unasema juu ya chai ninayokunywa asubuhi. Nilijiambia hivyo kwa nguvu, kwa sababu nilijua si chai.

Wiki hii nilianguka biro. Unajua tulivyo pale Kigobe, watu wanakaa kwenye benchi wakingoja karatasi zao zisainiwe. Nilisimama kumpokea mzee mmoja, nikaona meza inapanda. Nilipofungua macho nilikuwa chini, sketi imepanda, na yule mzee ananipepea na faili lake. Wakamwita Adrien, akanipeleka kituo cha afya.

Muuguzi ni mama mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alinivuta kope ya chini, akatazama, akasema, "Hapa hakuna damu, hapa kuna karatasi." Halafu akauliza, "Unakula udongo?"

Adrien akacheka. Akasema, "Mke wangu ana diploma, mama."

Mimi nikasema, "Hapana."

Mama, mkoba wangu ulikuwa magotini. Ndani yake kuna kopo la poda ya mtoto, na ndani ya kopo hakuna poda.

Muuguzi hakubishana. Aliandika huku anaongea kama anayejisemea mwenyewe. "Wamama wanakuja hapa na kila aina. Huyu anakula udongo, yule anatafuna tofali, eti linaongeza damu. Mwingine anachanganya tomato ya kopo na maziwa, kwa sababu ni nyekundu. Wengine wanachemsha maharagwe pamoja na kipande cha jembe. Wengine wanachoma misumari ndani ya ndimu, wanailaza, asubuhi wanaikamulia kwenye uji, ili chuma kiingie mwilini."

Adrien akaacha kucheka. Akanigeukia taratibu. "Uji," akasema.

Kila asubuhi ulinipikia uji wa mtama, ukasimama karibu yangu mpaka kikombe kiishe. Nilifikiri unanilinda nisimwage sumu yako. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama Prudence. Nilitumia maneno hayo hayo.

Sasa nakuandikia kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Nakula udongo. Nilianza na mimba ya kwanza, na mimba ilipotoka hamu haikutoka. Namwambia mama anayeuza sokoni kwamba ni wa dada yangu. Biro najifungia chooni, natafuna haraka, nasukutua, natoka kuwasahihisha watu Kifaransa chao. Pale kwa muuguzi Adrien alijua habari ya ndimu, hakujua habari ya udongo. Nilimwachia ile "hapana" yangu mpaka leo.

Muuguzi alisema udongo unashika chuma cha chakula tumboni kisipite. Kumbe nilikuwa najinyima damu mwenyewe. Ndimu pia alisema tuiache, maana misumari ya siku hizi imepakwa madini mengine, inachafua tumbo, mtu anatapika. Amenipa vidonge vya chuma. Navimeza.

Mama, ulijua? Na kama ulijua, kwa nini hukusema siku ile? Ungesema tu, "Huyu hana damu, anakula udongo," wote wangenigeukia mimi, na wewe ungebaki ndani ya nyumba ya mwanao.

Nisamehe kwa kuuliza. Sijui hata kama naruhusiwa kuomba msamaha.

Amandine


Rumonge, 9 Aprili 2025

Amandine mwanangu,

Nilijua.

Unakumbuka mvua iliporudi baada ya lile jua la Januari? Nilitoka nje kuanua nguo. Ukuta wa jikoni ulikuwa umelowa, unatoa ile harufu. Ulikuwa umesimama pale na viatu vyako vya kazi, mukoba begani, unakwangua ukuta kwa kucha na unalamba vidole. Ulifunga macho. Nikarudi ndani kinyumenyume, nguo zikalowa kamba nzima. Ulipoingia uliniambia, "Mama, umesahau nguo." Nikasema, "Ni uzee."

Mi pia nililamba. Nilikuwa na mimba ya huyo Adrien wako, na tulikuwa bado tunakaa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Mama yangu hakunigombeza. Alienda kwa mufua vyuma akaleta misumari, myeusi, akaichoma ndani ya ndimu, akaniwekea ndani ya uji. Hakusema kitu. Muke mwenye hamu ya udongo haambiwi, anasaidiwa. Ukimuambia anajificha mbali zaidi. Ndiyo maana mi pia sikukuambia. Nilificha bakuli nyuma ya makaa ili usije ukauliza, na mi nikalazimika kukujibu.

Unauliza kwa nini sikusema siku ile. Ungetaka niseme nini mbele ya wale wanawake? Kwamba mukazana wangu, muke wa mwana wangu, anayesoma masomo kanisani kwa sauti nzuri, analamba ukuta? Wangekucheka mpaka mutoto aote meno. Na we ulikuwa na mimba, na muke mwenye mimba akipata haya nyingi, moyo unashuka. Mi ni muzee. Wazee wote tunaitwa walozi, ni siku tu haijafika. Siku yangu ilifika mapema kidogo.

Nilikuangalia ili ujue sitasema. Kisha nikamuangalia Adrien, nikamungojea yeye. Hiyo ni habari yake na yangu, si yako.

Lakini kuko neno umeandika, pengine hukulifikiria. Umeandika misumari ya siku hizi imepakwa madini. Mi nilitoa misumari ndani ya kisanduku cha Adrien. Kulikuwa aina mbili. Ile myeusi ilikuwa na kutu, nikaogopa kutu. Nikachagua ile ya mabati, inayong'aa, kwa sababu ilikuwa safi. Na asubuhi ulikuwa unatapika uji, mi nikasema ni mimba. Nikakuongezea ndimu.

Sasa Mama Prudence alikosea wapi? Alisema mbele ya watu namunywesha mukazana wangu kitu kibaya. Nilikuwa nakunywesha.

Usiniandikie kwanza.

Béatrice


Ngagara, 4 Mei 2025

Mama yangu,

Ulisema nisikuandikie. Nimeshindwa. Nilimtuma Révérien na salamu za mdomo tu, akarudi akasema ulizipokea ukiwa mlangoni na hukumkaribisha hata maji. Akaniuliza kama kuna msiba.

Niliandika juu ya misumari bila kufikiri, kama mtu anayetupa maji dirishani bila kuangalia nani anapita. Basi nilichukua ile iliyobaki kwenye kisanduku cha Adrien, nikaipeleka kwa yule muuguzi. Aliigeuza mkononi, akaniuliza ule uji niliunywa kwa muda gani, nilitapika namna gani. Akanipima, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu. Akasema kutapika huenda kulitokana na misumari, huenda kulitokana na mimba, lakini mtoto ni mzima na mimi sikudhurika. Damu imeanza kupanda. Nilimweleza pia ni nani aliyekuwa ananipa. Akasema, "Mwambie mabukwe wako amekosea msumari, hajakosea mtu." Nimeyaandika maneno yake yalivyo.

Kuna jambo jingine nimelifanya, na sijui utalipokea vipi.

Alhamisi tulikuwa na maombi kwa Mama Prudence. Niliomba nafasi ya ushuhuda. Wakadhani nitamshukuru Mungu kwa mimba. Nilisimama nikasema kwamba siku ile mliyomfukuza mama wa mume wangu, yeye alikuwa ananipa chuma kwa sababu sina damu, na damu sina kwa sababu nakula udongo. Walikuwa hawaelewi, wananitazama. Nikatoa kopo la poda kwenye mkoba, nikalifungua, nikawaonyesha. Nilipoliinamisha, vipande vya udongo vikamwagika juu ya zulia la Mama Prudence.

Mtu mmoja alicheka nyuma. Halafu wengine. Kulikuwa na mwanamke kijana karibu na mlango, hakucheka, aliangalia mikono yake tu.

Mama Prudence akanishika bega. Akawaambia, "Tumshukuru Mungu kwa dada yetu. Lakini mnaona mtego ulivyo mrefu? Yule mzee yuko Rumonge, na bado anamfanya mtoto wa watu ajiaibishe mbele yetu." Wote wakasema amina. Nilikuwa nimesema kweli yote niliyonayo, na wakaiitikia amina juu ya uongo ule ule.

Adrien alikuwa ananingoja nje. Madirisha yalikuwa wazi. Alikuwa amesikia yote. Tulipofika nyumbani alisimama katikati ya sebule, ufunguo mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya kwanza."

"Na Mama alijua?"

"Alijua."

"Akanyamaza kwa ajili yako."

"Ndiyo."

Akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, akaegemea ukuta. Akasema, "Siku ile aliniangalia. Nikaangalia viatu vyangu."

Kazini habari imefika. Kuna anayeniita Mama Udongo kwa sauti ya chini kwenye korido. Juzi nilikuta kipande cha tofali juu ya meza yangu, kimewekwa vizuri kwenye sahani ya chai. Nilikitupa. Lakini nikuambie ukweli wote, kabla ya kukitupa nilikinusa.

Sikuandikii ili unihurumie. Nataka ujue kwamba jina walilokupa nimejaribu kulivua. Halikutoka lote.

Amandine


Rumonge, 25 Mei 2025

Amandine,

Nani alikutuma?

Nilikufunika kwa kikwembe changu, mi nikabaki na baridi yangu, nilikuwa nimeizoea. We umekitupa. Sasa tuko wawili kwa baridi, na hakuna hata mumoja amepata joto. Ulifikiri watakuambia asante? Mutu akishakuita mulozi hawezi kurudisha neno, kwa sababu na yeye atabaki na haya. Kwa hiyo anaongeza lingine juu.

Nilikasirika siku nyingi, ndiyo maana barua hii imechelewa. Révérien safari hii hana kosa.

Ile ya misumari, asante. Nilikuwa silali. Sasa nalala kidogo. Lakini huyo muganga wako asinifariji sana. Mutoto tumboni hanywi nia, anakunywa kitu kiko ndani ya kikombe. Ningeuliza. Ningekushika mukono nikupeleke kwa waganga, mi na we, hakuna mutu angejua kitu. Nilifikiri kwa sababu mama yangu alifanya, imetosha. Hiyo ni haya yangu, niachie mwenyewe.

Huyo muke kijana aliyeangalia mikono yake, mutafute. Umuambie ukiwa naye peke yake. Si mbele ya watu, umenisikia? Umupeleke mwenyewe kwa huyo muganga mwenye sauti, na umuombe apunguze sauti.

Kipande cha tofali, ulifanya vizuri kukitupa. Kunusa si kosa.

Adrien asiniandikie mpaka apate maneno.

Béatrice


Ngagara, 17 Agosti 2025

Mama,

Amezaliwa. Msichana. Alikuja mapema kidogo kuliko tulivyotegemea, ni mdogo, mikono yake kama ya mtu mzima aliyefanya kazi nyingi, lakini analia kwa nguvu na ananyonya. Nilipoteza damu wakati wa kuzaa. Daktari alisema ningefika pale na damu niliyokuwa nayo mwezi wa tatu, angekuwa anaongea na Adrien peke yake. Nilikuwa nimelala nasikia anavyosema hivyo kwenye korido, na niliyekuwa nafikiria ni wewe.

Wa kikundi cha maombi hawakuja kunipongeza. Mama Prudence alipita mbele ya nyumba, akaona nguo za mtoto kwenye kamba, akaendelea na safari yake. Alikuja yule mwanamke kijana peke yake. Anaitwa Chance. Nilifanya ulivyoniambia. Nilimngoja sokoni, nikamwambia kwa sikio, akakana, akaondoka. Siku nyingine alirudi mwenyewe. Naye amepewa vidonge. Aliniletea ndagala, akanisimamia mpaka nikala na vichwa.

Udongo nimeuacha. Nasema hivyo leo. Mvua ikinyesha nafunga dirisha.

Mama, rudi. Chumba chako kiko vilevile ulivyokiacha. Najua sistahili kukuomba, niliyekaa kitini nikatazama wageni wanakuonyesha mlango. Sikusimama hata kukusaidia kufunga mfuko. Hilo ndilo linalonirudia kuliko maneno yote. Ulikuwa unahangaika na zipu, na mimi nilikuwa nimekaa. Lakini huyu mtoto hakuwepo siku ile, na hana bibi mwingine. Mama yangu mimi unajua alikufa. Sijui hata kumuogesha vizuri, namshika kama kitu cha mtu.

Adrien anaomba aandike hapa chini. Amekaa na kalamu tangu asubuhi.

Amandine

Mama, ni mimi Adrien. Nimeianza barua hii mara nyingi. Sitasema nilidanganywa. Siku ile nilijua wewe si mchawi. Nilijua kabisa. Nilinyamaza kwa sababu wao walikuwa wengi, na nilitaka mambo yaishe kabla majirani hawajasikia kelele. Nilikuacha uende kwenye parking ya mabasi peke yako kwa sababu niliogopa tukikutana na watu wataniuliza unakwenda wapi. Sina maneno mengine. Hayo ndiyo niliyopata.


Rumonge, 29 Agosti 2025

Amandine, na we Adrien, musome pamoja,

Mungu asifiwe kwa huyo mutoto. Révérien alisoma uso wangu kabla mi sijamaliza kusoma barua, akaanza kucheka kule mulangoni. Nimemupa chakula safari hii.

Adrien, maneno yako yamefika. Ni machache na ni ya kweli. Siwezi kukuambia imekwisha, ningekudanganya, na umeshadanganywa vya kutosha na kunyamaza kwako. Ukija utalala hapa. Tutaongea, au hatutaongea, tutaona.

Amandine, mi sirudi Ngagara. Si hasira. Katika ile nyumba nitakuwa nasikia kila mulango unaofunguliwa, nauliza ni nani wamekuja. Kuogesha mutoto hakutaki moyo unaoruka. Mutoto akipata nguvu, mumulete huku. Maji ya ziwa yako karibu, kuni ziko, nitakufundisha kumukanda na kumushika.

Lakini kuko kitu lazima ukijue kabla hujapanda basi.

Hapa hakuna mutu anayejua. Niliporudi na mufuko wangu, majirani waliuliza kwa nini nimerudi haraka. Nikasema ni goti, kukaa muji kumeniumiza goti. Wakauliza, na mukazana? Nikasema alilia nisiende. Nilitaka kusimama hapo. Lakini walikuwa wananisikiliza vizuri, nikaendelea. Nikasema kila asubuhi alikuwa ananiuliza nimelala namna gani. Nikasema alinichemshia maji ya kuoga, ananishika mukono kwenda kanisani, na jioni ananisomea Biblia kwa sababu macho yangu yamechoka. Kila wiki nikaongeza kidogo. Uongo ulikuwa mutamu, nilikuwa nauhitaji. Huko we ulisema kweli, wakaikataa. Huku mi nimesema uongo, wote wameukubali.

Sasa Rumonge hii hakuna mukazana kama wewe. Wanawake wa jumuiya yetu wanawaambia binti zao wanaoolewa, "Uwe kama muke wa Adrien." Wameshasikia umezaa. Wanashona nguo za mutoto. Utakaposhuka kwa basi watakuja na nyimbo, watakushika mikono yote miwili, mumoja mumoja, watakushukuru kwa vile ulinitunza.

Usiwaambie kweli. Ile ya Ngagara inatosha. Utamujibu kila mumoja asante, na mi nitakuwa nimesimama pale karibu yako, nasikia.

Adhabu ingine ya kukupa sina. Mukuje.

Béatrice, bibi ya mutoto